Nilimfuata papa mweupe, nikapokewa na papa shaba

Kosa langu kubwa nililifanya kwenye simu, wiki tatu kabla sijaiona bahari yenyewe. Nilipiga Gansbaai kuweka nafasi ya kuingia kizimbani, yaani kile kizimba cha vyuma kinachofungwa kwenye boti baharini ili umtazame papa kwa karibu. Niliuliza bei, saa ya kuondoka, na kama kuna chai. Sikuuliza papa mweupe wa mwisho walimwona lini. Tangazo lao lilikuwa na picha ya domo wazi, meno ya pembetatu na maji ya buluu safi. Nani angekumbuka kuuliza swali kama hilo baada ya kuona picha ile?

Gansbaai ni mji mdogo wa wavuvi katika jimbo la Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, mwendo wa saa mbili na ushee kwa gari kutoka Cape Town. Boti za papa zinaondokea Kleinbaai, kibandari kilicho jirani. Mbele yake baharini kuna kisiwa cha Dyer, makazi ya ndege na pengwini, na ubavuni mwake mwamba wa Geyser Rock ambako sili, wanyama wa baharini ambao papa mweupe huwawinda, hulala kwa makumi ya maelfu. Mkondo mwembamba unaopita kati ya kisiwa na mwamba huitwa Shark Alley, yaani uchochoro wa papa. Kwa miaka mingi hapa ndipo watu walipokuja kumwona papa mweupe kuliko karibu mahali pengine popote duniani, na sifa hiyo ilikuwa ya haki. Mimi nilifika wakati mwenye sifa ameshahama.

Nilikwenda mwezi wa pili, kiangazi cha huko, nikiwa na wifi yangu ambaye ni muuguzi Cape Town. Alikubali kunisindikiza kwa sharti moja tu, kwamba hagusi maji.

"Nitakushikia mkoba, wifi," alisema. "Na nitakuwa shahidi wa kuwaeleza nyumbani ulivyokwenda."

Nafasi yetu ilikuwa Alhamisi na ndege yangu ya kurudi Ijumaa jioni. Jumatano saa tatu usiku ukaja ujumbe: upepo mkali, boti hazitoki, mnahamishiwa Jumamosi. Nikabadilisha tiketi ya ndege na kulipa nyongeza, hela ambayo hakuna wa kumdai. Masharti yalisema wazi kwamba nahodha ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu hali ya hewa, na kwamba ukiahirishwa unapewa siku nyingine. Nilikuwa nimeyatia alama ya kukubali bila kuyasoma. Pwani ile upepo ukiamua umeamua, unaweza kufunga bahari siku tatu mfululizo. Kwa hiyo kama unapanga safari ya namna hii, iweke mwanzoni mwa likizo yako, siku ya pili au ya tatu, ubaki na nafasi ya kusogezwa. Ukiiweka siku ya mwisho unacheza kamari na upepo.

Nafasi yenyewe ilinigharimu zaidi ya randi 2,500. Wifi, ambaye hakutia hata kidole majini, alilipa pungufu kidogo tu. Ongeza petroli, ongeza chumba cha usiku mmoja kwa kuwa hatukutaka kuendesha gizani, na video ambayo mpiga picha wao huuza mwishoni. Hiyo video usiikatae haraka. Simu yako haiingii majini, na hata ukiwa na kamera ndogo ya kuzamia, mikono itakuwa imekufa ganzi kwa baridi na utarudi na picha mia mbili za vyuma vya kizimba.

Asubuhi ya safari nilikunywa chai nzito. Mayai, soseji, mkate wa siagi, kikombe cha pili cha kahawa. Wifi alimeza kidonge cha kuzuia kichefuchefu cha safari saa moja kabla ya kupanda boti, akaninyooshea cha kwangu. Nikamwambia mimi na boti ni watu wa siku nyingi. Alinitazama kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa anayebishana, akakirudisha kwenye pakiti.

Kabla ya kupanda unasaini fomu ya kukubali kwamba unaenda kwa hiari yako na hatari zake unazijua. Wengi tuliisaini huku tunapiga picha. Isome. Halafu fungua bima yako ya safari uone inasemaje, maana bima nyingi huiweka michezo ya namna hii pembeni, ama huilipia ukiongeza kitu. Jambo hilo halina uhusiano wowote na papa. Kinachoumiza watu kwenye boti zile ni sitaha yenye utelezi, ngazi ya kizimba, na kidole kilichobanwa kati ya kizimba na ubavu wa boti wimbi linapopanda.

Boti za Kleinbaai hushushwa majini na trekta. Unapanda boti ikiwa juu ya nchi kavu, unavaa jaketi la kuokolea, trekta linairudisha nyuma hadi majini, na ghafla unaelea. Mpaka hapo nilikuwa nacheka. Hata mwendo wa kutoka ulikuwa mzuri, upepo usoni, sili wakichungulia majini kama watoto wenye vichwa vilivyolowa.

Mambo yalibadilika nanga iliposhuka. Hili hakuna aliyeniambia: boti inayokwenda haichafui roho kama boti iliyosimama. Ikifungwa nanga inaanza kuyumba kwa upande, polepole, juu na kushoto, chini na kulia, bila kukoma. Na hapo hapo baharia anaanza kumwaga chambo. Usifikirie vipande vya samaki. Ni rojo, samaki waliosagwa na kuchanganywa na mafuta yao na maji ya bahari, linalomwagwa kwa kata kidogo kidogo ili harufu ielee mbali na kuwaita papa. Ndoo ilikuwa mita mbili kutoka nilipoketi. Nilivumilia dakika kumi. Ya kumi na moja soseji zote zikarudi.

Baharia mmoja alinishika bega, akanigeuza upande ambao upepo unakwenda ili nisiwarushie wengine, akaniambia nikazie macho mstari wa nchi kavu. Alikuwa na ndoo ndogo mkononi tayari, nadhani aliniona tangu mapema. Watu wengine sita au saba walikuwa katika hali yangu, na mmoja hakuingia majini kabisa. Alilala kwenye benchi saa tatu nzima amejifunika taulo usoni, pesa yake ikielea.

Kwa hiyo, ukiwa na sikio la kusikia: meza dawa kabla, na kama una ugonjwa wowote au mimba muulize mfamasia kwanza ni ipi inayokufaa, maana nyingine hulevya usingizi. Kula kidogo na kikavu, lakini usiende na tumbo tupu, nalo hutapika vilevile. Kaa katikati ya boti, mbali na ndoo, mbali na moshi wa injini. Usiinamie simu. Ukihisi mate yanajaa mdomoni, simama utazame mbali. Na roho ikikuchafuka ingia majini mapema zamu yako ikifika. Ndani ya kizimba kichefuchefu hupungua, sijui ni baridi au ni woga.

Nguo ya mpira ya kuzamia ni nene, milimita saba kwa ile niliyopewa, na kuivaa ukiwa umelowa jasho la kutapika ni kazi ya watu wawili. Wifi alinivuta mgongoni, mimi nikajivuta mbele. Kisha ikaja kofia yake, nayo ni ya mpira, ya kubana kichwa na shingo. Nilikuwa na rasta nene hadi mgongoni. Kofia haikupita. Walileta kubwa kuliko zote, ikakaa juu ya fundo la nywele kama kifuniko kwenye chungu kilichojazwa kupita kiasi. Nikaingia majini hivyo hivyo, shingo wazi.

Maji yalikuwa nyuzi 13. Kiangazi kile ndicho chenye maji baridi zaidi upande ule, kwa sababu upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu kwenda mbali na maji ya chini yakapanda kushika nafasi yake. Yalinipita shingoni, yakateremka uti wa mgongo mzima kama mtu anayenichora mstari kwa kipande cha barafu. Baridi ile haianzii kwenye ngozi. Inakukamata kifuani, unavuta pumzi fupi fupi kama mtoto aliyelia sana, na hiyo ndiyo pumzi unayotakiwa kuizuia ili uzame.

Maana hakuna mtungi wa hewa. Huhitaji cheti cha kuzamia wala ujuzi mwingi wa kuogelea. Kizimba kimefungwa ubavuni mwa boti, sehemu yake ya juu iko nje ya maji, na ninyi watu watano, sita, wanane mnasimama mkiwa mmepangana kama mishumaa, vichwa juu, mkanda wa vipande vizito vya madini ya risasi kiunoni ili msielee. Mwongozaji anasimama juu ya sitaha akitazama maji. Akimwona papa anapaza sauti: "Chini! Kushoto!" Unavuta pumzi, unazama, unaangalia kushoto. Kuna fito ya ndani ya kushikilia na nyingine ya kuingiza miguu chini yake. Shika ile ya ndani tu. Mkono ukiuzungusha kwenye vyuma vya nje umeutoa kizimbani. Kila mtu anaelewa hilo akiwa kavu, na kila mtu hulisahau boti ikipanda.

Kosa langu lingine lilikuwa la macho. Mimi ni mtu wa miwani, na miwani haikai ndani ya ile ya kuzamia. Niliivua, nikampa wifi, nikashuka katika dunia ya ukungu. Na maji yenyewe yalikuwa ya kijani, unaona mita tatu au nne, zaidi ya hapo ni supu. Kwa hiyo mwongozaji alipopiga kelele "Chini! Mbele yenu!" nilichokiona ni kivuli kirefu kikija, kikawa mwili, kikapita mbele ya uso wangu kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, kikaisha. Mkia wake ulipiga kizimba na mlio wake nikausikia mfupani. Kulikuwa na mwingine nyuma yake, na mwingine. Chini ya miguu yetu akapita samaki aina ya taa, mkubwa kama meza ya watu wanane.

Nilipanda juu napiga kelele. "Nimemwona! Wifi, nimemwona papa mweupe!"

Wifi alikuwa ameegemea ukingo wa sitaha, miwani yangu kichwani mwake. Alisubiri nimalize.

"Wifi," akasema polepole, "wanasema yule si mwenyewe."

Walikuwa papa shaba. Ni papa wa haki kabisa, wembamba, rangi ya sufuria ya shaba iliyochoka, hufika mita tatu. Hakuna ubaya wowote kwao, na leo nikiangalia video ile naona ni wazuri mno. Lakini siku ile, shingo ikiganda na soseji zikiwa baharini, nilijiona kama mtu aliyekwenda harusini akakuta ni ya jirani. Nilikaa kizimbani dakika ishirini. Wifi, aliyekuwa mkavu sitahani, aliwaona papa wengi kuliko mimi, na aliwaona wote wazima, kuanzia pua hadi mkia, kwa kuwa kutoka juu maji hupenyeka kwa macho kuliko ukiwa ndani yake. Huu ni ukweli ambao wauzaji hawautangazi sana: mwenye kuogopa maji anaweza kubaki juu na asipungukiwe.

Tukiwa tunarudi, na supu ya moto mkononi, nilimuuliza mwongozaji papa weupe wako wapi. Alikuwa kijana wa mji ule ule, na nilivyomwona swali hilo huulizwa kila siku na kila siku linamuuma. Akasema yalianza mwaka 2017. Mizoga ya papa weupe ilianza kusukumwa na mawimbi hadi ufukweni, imepasuliwa kifuani, ini limenyofolewa. Wanaofanya hivyo ni orka, wale waitwao nyangumi wauaji ingawa ni jamaa wa pomboo. Wawili wanajulikana kwa sura: madume yenye mapezi ya mgongoni yaliyolala, mmoja upande wa kushoto, mwingine wa kulia, na kwa hiyo wakaitwa Port na Starboard, kushoto na kulia kwa lugha ya mabaharia. Mwaka 2023 huko Mossel Bay huyo Starboard peke yake alionekana akimmaliza papa mweupe mchanga kwa muda usiofika dakika mbili.

Ini la papa ni kubwa na limejaa mafuta. Sisi mafuta yale tunayaita sifa, ndiyo yaliyopakwa majahazi ili mbao zisiliwe na wadudu wa baharini. Basi orka wale wawili waliifuata sifa ya papa, wakaondoka na sifa ya Gansbaai. Papa weupe waliobaki wakinusa hatari hulihama eneo kwa wiki, hata miezi, na safari hii kurudi kwao kumekuwa kwa manati. False Bay, iliyo karibu zaidi na Cape Town, ambako walizoea kuruka hewani wakiwawinda sili, mambo ni yale yale. Wapo wanaosema orka wanabebeshwa mzigo usio wao peke yao. Wanataja nyavu zinazotegwa pwani ya jimbo la KwaZulu-Natal kuwakinga waogeleaji na papa, na uvuvi unaomaliza papa wadogo ambao papa mweupe naye huwala. Afrika Kusini ilikuwa nchi ya kwanza duniani kumlinda papa mweupe kwa sheria, mwaka 1991, na hata hivyo hali yao ndiyo hiyo.

Nilijaribu kudai. Ofisini walinitolea masharti yangu mwenyewe: ahadi ilikuwa kuona "papa". Kama tusingeona papa yeyote, tungepewa nafasi ya kurudi bure siku nyingine, si pesa. Papa shaba ni papa. Yule dada wa mapokezi hakuwa mkorofi, alisoma kwa upole na kidole chake kikifuata mstari. Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Lakini picha ya domo lenye meno ya pembetatu ilikuwa bado ukutani nyuma yake, kubwa kama mlango, na hilo silisamehi hadi leo.

Mwaka uliofuata nilirudi. Wifi aliposikia alinyamaza kwenye simu muda mrefu kiasi cha kudhani laini imekatika.

Safari hii nilianza kwa swali. Nilipiga simu Mossel Bay, karibu kilomita 400 mashariki ya Cape Town kwa barabara ya N2, nikauliza jambo moja tu kabla ya bei: papa mweupe wa mwisho mmemwona siku gani? Aliyepokea akajibu bila kumumunya. "Jumatatu mmoja. Jana hakuna. Leo boti bado haijarudi." Jibu la namna hiyo ndilo la kulipia. Ukiambiwa "huwa tunawaona" au "huu ndio msimu wao", uliza tena, na ukikosa tarehe, kata simu. Uliza pia ni papa gani ahadi yao inamhusu, mweupe au yeyote, na wakuandikie. Na ukienda kokote kwingine swali ni hilo hilo, maana mambo hubadilika: kisiwa cha Guadalupe cha Mexico, kilichosifika kwa maji maangavu, kilifungiwa shughuli hii moja kwa moja mwaka 2023. Australia wanaendelea kule visiwa vya Neptune, upande wa Port Lincoln.

Nilichagua mwezi wa saba, kipindi cha baridi, ambapo sili wachanga wanaanza kuogelea mbali na mwamba na papa wanalijua hilo. Nilikaa mjini siku nne, si moja. Nilikwenda kwa daktari wa macho nikapata lenzi za kuvaa siku moja na kutupa. Aliniambia nizitupe papo hapo nikitoka majini, na miwani ya kuzamia ikiingia maji nifumbe macho. Nywele nilisuka twende kilioni, zikalala kichwani vizuri kabisa. Jina la msuko huo lilimchekesha wifi mpaka akakaa chini, kwa shughuli tuliyokuwa tunaiendea. Kidonge nilimeza usiku na kingine asubuhi kama nilivyoelekezwa, nikala mkate mkavu na chai ya tangawizi. Sikubishana na mtu.

Kisiwa cha sili cha Mossel Bay kiko karibu sana na nchi kavu. Ukiwa kizimbani unaona nyumba na magari yanapita. Hilo lilinishangaza kuliko papa: mtu anaanika nguo pale ng'ambo, na sisi huku tunasubiri mnyama wa mita nne.

Tulisubiri saa mbili na nusu. Hiki ndicho kipande ambacho hakimo kwenye video za watu, nami sitakirefusha. Rojo linamwagwa, sili wa bandia anavutwa na kamba juu ya maji, kichwa cha samaki kinaning'inia kwenye kamba nyingine. Sheria hairuhusu kuwalisha papa, kile kichwa ni cha kuwavutia tu na baharia anatakiwa kukivuta kabla hakijadakwa. Gansbaai niliona kikidakwa mara moja, papa shaba alikuwa mwepesi kuliko mkono wa mtu. Kuna wanaolaumu kwamba tunawafundisha papa kuhusisha boti na chakula. Binafsi sina raha kabisa na ile ndoo, na nilipanda boti nikijua hivyo. Nilichofanya ni kuwatazama mabaharia. Wa Mossel Bay walikuwa wakivuta kamba mapema, papa akiwa bado mbali, hata kama abiria waliguna. Nawe watazame. Wakimwachia papa agonge kizimba kwa makusudi ili mpige kelele, watu hao hawamheshimu mnyama wala ninyi. Papa akishaingiza kichwa kati ya vyuma hawezi kurudi nyuma, anajua kwenda mbele tu. Mwaka 2016 kule Guadalupe mmoja alijikuta ndani ya kizimba na mtu kwa njia hiyo, na ilikuwa bahati wote wawili walitoka.

"Chini! Kulia! Chini sana!"

Nilizama nikatazama kulia, kukawa hakuna kitu. Maji matupu ya kijivu. Nikakumbuka neno "sana", nikainamisha uso, na alikuwa pale, chini ya miguu yangu, akipanda. Mgongo wake wa rangi ya sakafu ya saruji ulikuwa mpana hivi kwamba kwa sekunde moja nilidhani ni chini ya bahari. Kisha akageuka kidogo ubavu na nikauona ule mstari, kijivu juu, cheupe chini, umekatwa kwa jagijagi kama rangi iliyopakwa na fundi mwenye haraka. Puani alikuwa na mikwaruzo, mingi, ya zamani na mipya. Nilikuja kuambiwa kwamba hiyo ni kazi ya kucha za sili, kwamba kila chakula chake humkwaruza kabla ya kuliwa.

Alipita sentimita hamsini hivi kutoka kwenye vyuma. Jicho lake si jeusi tupu kama wanavyosema, karibu kuna buluu iliyokolea, na lilinifuata. Macho ya papa shaba yalipita tu kama taa za gari. Hili lilizunguka kwenye tundu lake likanitazama kuanzia mbele hadi nimebaki nyuma. Sikuogopa, na nilikuwa nimejiandaa kuogopa. Nilichohisi ni aibu ndogo, kama nimeingia chumbani kwa mtu bila kubisha hodi.

Pumzi ikaisha, nikapanda, nikazama tena. Alirudi mara mbili. Mara ya tatu alimpita sili wa bandia bila kumjali, akashuka taratibu, kijivu kikaingia kijivuni. Tukasubiri hadi saa ya kurudi. Hakuja mwingine.

Nilipotoka kizimbani midomo ilikuwa inagongana kiasi cha kushindwa kusema. Wifi alinifunika taulo, akanikalisha katikati ya boti, mbali na ndoo. Nikamuuliza kwa ishara: muda gani? Mimi nilikuwa nakadiria nusu saa, au karibu na hapo.

"Dakika nne," akasema. Alikuwa amezihesabu kwa saa yake ya mkononi, tangu kelele ya kwanza hadi ya mwisho, kwa ile ile tabia ya wodini.

Kisha akanishika kifundo cha mkono, akaweka vidole viwili juu ya mshipa, akainamia saa yake tena, midomo ikihesabu kimya kimya.